Marahaba ndiyo ya mwisho kusahaulika

Nilimwamkia bibi mlangoni, akaitikia kama anavyoitikia siku zote. "Marahaba, mjukuu wangu. Hamjambo huko?" Hatujambo, bibi. "Safari je?" Njema. "Mama yako mzima?" Mzima, anakusalimu sana. "Na watoto?" Hawajambo. Tukaenda hivyo, nipe nikupe, hadi salamu zikaisha zenyewe, akanionyesha kigoda nikae. Kisha akanitazama usoni kwa utulivu kabisa na kuniuliza: "Hivi wewe ni mtoto wa nani?"

Mama mdogo alikuwa nyuma yangu akimenya ndizi za mtori. Hata kichwa hakuinua. Swali hilo naye huulizwa, na yeye ndiye aliyezaliwa wa mwisho kati ya mabinti wa bibi, na ndiye anayelala naye chumba kimoja.

Salamu zetu ni ndefu na zina mteremko wake: ukishaingia, zinakushusha zenyewe mpaka chini. Mtu anaweza kupoteza majina ya wanawe, siku ya leo na njia ya kwenda chooni, akabaki na salamu nzima nzima. Wageni wa Jumapili hutoka pale wakisifu jinsi bibi alivyo imara. Wajomba zangu, ambao humjulia hali kwa simu, walituambia kwa miaka miwili mizima kwamba mama mdogo anakuza mambo. "Mbona jana nimeongea naye vizuri tu?"

Watafiti wa Marekani wamelikuta jambo hilohilo kwa mlango mwingine. Kwa wastani, wanawake huwashinda wanaume katika vipimo vya kukumbuka maneno, na ubora huo hawaupotezi mara moja hata ubongo ukishaanza kuliwa. Mwanamke hupita kipimo mwaka huu, akapita tena mwaka ujao. Siku anaposhindwa, ugonjwa umeshatembea mbali, na kuanzia hapo huporomoka kwa kasi. Ule ulimi mwepesi, ambao maisha yake yote umemsaidia sokoni, kanisani na kwenye vikao vya ukwe, ndio unaomficha asionekane anaumwa.

Ugonjwa wenyewe kwetu hauna jina moja lililotulia. Tunasema ni uzee. Tunasema bibi amerudi utotoni. Madaktari husema demensia, yaani akili kupungua nguvu kiasi cha mtu kushindwa kujiendesha, na kati ya kila wagonjwa 10 wa demensia, sita au saba wana Alzheimer: protini mbili, amiloidi na tau, hujilimbikiza ubongoni taratibu, seli zikafa, kumbukumbu za karibuni zikatangulia kuondoka. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 57 waliokuwa na demensia mwaka 2021, zaidi ya 60 katika kila 100 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wale wazee wa Ulaya wanaosukumwa kwenye viti vya magurudumu, tunaowaona kwenye runinga, si wengi wa wagonjwa hao. Wengi wako huku, kwenye vigoda.

Bibi yangu anaishi juu kidogo ya Kwasadala, upande wa Masama, wilayani Hai, Kilimanjaro. Katika habari za ugonjwa huu Hai si wilaya ya kupita tu. Hapo ndipo watafiti wa Tanzania na wenzao wa Uingereza walipopita kijiji kwa kijiji mwaka 2010 na kuwapima watu 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: baada ya kusawazisha umri, watu 6.4 katika kila 100 walikuwa na demensia. Kiwango hicho kinakaribiana na cha nchi tajiri. Ile dhana kwamba Mwafrika wa kijijini, kwa kula ndizi zake na kuishi na wajukuu, hapati maradhi haya, iliishia hapo migombani. Mwaka uliofuata ukatoka utafiti mwingine wa Hai, wa kukaa na familia na kuzisikiliza. Jibu lililojirudia ni lile ambalo ningetoa mimi miaka mitano iliyopita: huu si ugonjwa, ni umri.

Lakini kilichonivuta zaidi katika kazi za Hai si hesabu. Ni kiberiti.

Kipimo cha akili kilichotumika zaidi duniani kwa wazee kilitungwa Marekani mwaka 1975. Kinamtaka mtu aandike sentensi, anakili mchoro wa pembe tano mbili zilizopishana, na atoe saba kutoka 100, halafu saba tena, na tena. Mpe kipimo hicho mwanamke wa Masama aliyelima kahawa miaka 50, akauza ndizi, akajua kila deni la kila mteja wake bila daftari. Atashindwa. Utaandika kwamba ana demensia, kumbe hana darasa. Au utafanya kinyume chake: utajua hana darasa, utapuuza alama zake za chini, na ugonjwa halisi utapita mbele ya macho yako.

Kwa hiyo watafiti walitengeneza kipimo kingine, wakikijaribu Hai na Nigeria, kisichohitaji kalamu. Leo ni siku gani? Kiongozi wa kijiji chako anaitwa nani? Daraja ni nini? Taja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja. Kumbuka orodha ya maneno niliyokusomea. Na mahali pa mchoro wa pembe tano, mpimaji hupanga njiti za kiberiti mezani kwa umbo fulani, akamwomba mzee apange zake vivyo hivyo. Basi. Kiberiti kila nyumba inacho, na hakuna mwanamke ambaye hajawahi kushika njiti.

Nikisoma habari za kipimo hicho humkumbuka mgonjwa wa kwanza kabisa aliyeandikwa katika historia ya ugonjwa huu. Naye alikuwa mwanamke. Auguste Deter alipelekwa katika hospitali ya vichaa ya Frankfurt, Ujerumani, mwezi Novemba 1901, akiwa na miaka 51. Daktari Alois Alzheimer alimpa kalamu aandike jina lake. Akaandika neno la mwanzo, lile la kumtambulisha kuwa ni mke wa mtu, yaliyobaki yakamtoka. Alifariki Aprili 1906, na Novemba mwaka huohuo Alzheimer akasimama mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen kueleza alichokiona katika ubongo wake. Ugonjwa ukabeba jina la daktari. Sina ugomvi na hilo, ndivyo magonjwa yanavyopewa majina. Ila pale Frankfurt kalamu ilikuwa kipimo cha haki, kwa sababu Auguste alikuwa akijua kuandika. Alichopoteza kilionekana.

Bibi yangu je? Kadi yake inasema alizaliwa mwaka 1944, mwaka ambao nadhani karani aliukisia. Uchagani shule zilikuwepo zamani, wamisheni wa Kilutheri walishafika Machame tangu karne ya 19, na hata wasichana walikuwa nazo. Lakini shule kuwepo ni jambo moja, na nyumba yenye watoto saba na ada ya wawili ni jambo jingine. Kaka zake walikwenda. Yeye alikata majani ya ng'ombe. Kalamu aliishika mara ya kwanza akiwa mama wa watoto wanne, katika kisomo cha watu wazima cha miaka ya 70, akajifunza kuandika jina lake vizuri sana, na baada ya hapo hakuwa na kitu kingine cha kuandika.

Jambo hilo lina uhusiano wa moja kwa moja na ubongo wake. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mwaka 2024 vihatarishi 14 ambavyo, vikiondolewa vyote, karibu nusu ya demensia duniani, takriban asilimia 45, ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Elimu ndogo utotoni imo. Shule huujengea ubongo akiba, na mwenye akiba ugonjwa humkuta anazo njia nyingine za kupita. Vimo pia shinikizo la damu, kisukari, sonona, kutokusikia vizuri, kutokuona vizuri, upweke, hewa chafu. Isomeni orodha hiyo mkiwa jikoni kwa bibi yeyote wa kijijini. Moshi wa kuni tangu akiwa na miaka sita. Mtoto wa jicho ambaye hajatolewa kwa sababu safari ya hospitali hungoja mavuno, na mavuno yakija hungoja ada za wajukuu. Mume alifariki zamani, watoto wako mijini. Katika orodha ile sioni hata kimoja ambacho bibi alikichagua.

Kwa nini ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi, basi? Jibu la haraka ni kwamba wanawake huishi miaka mingi zaidi, na umri ndio kihatarishi kikubwa kuliko vyote. Ni kweli, lakini halikamilishi hesabu. Marekani, ambako takwimu ni nyingi, karibu theluthi mbili ya wenye Alzheimer ni wanawake. Mwanamke mwenye miaka 45 ana uwezekano wa mmoja katika watano wa kuupata kabla ya kufa, mwanamume mmoja katika 10. Wazee weusi wa huko huupata karibu mara mbili ya wazungu, na hakuna mtaalamu makini anayesema ni kwa sababu ya ngozi. Wanataja shule, presha, kipato na mtaa anaokaa mtu. Watafiti wanachunguza pia ukomo wa hedhi, pale homoni ya estrojeni inapoondoka mwilini, kwani ubongo nao ulikuwa ukiitegemea. Wengine waliona dawa ni rahisi: rudisha homoni. Mwaka 2003 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba wanawake wa miaka 65 na kuendelea waliopewa mchanganyiko wa homoni mbili, hatari yao ya demensia iliongezeka mara mbili. Mwili wa mwanamke haukuwa umesomwa vya kutosha, na bado.

Kuna gharama nyingine ya ugonjwa huu ambayo wanaume kwa kawaida hawailipi, na haimo katika orodha ya Lancet. Mzee wa kiume akitoka usiku akazunguka shambani akisema na watu wasioonekana, watu husema mzee kachoka. Bibi akifanya hivyo, tena mjane, tena mwenye macho mekundu kwa moshi wa jiko, kuna vijiji ambako neno litakalosemwa ni jingine, na likishasemwa halirudi. Kanda ya Ziwa yetu wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa miongo. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii nchini Kenya, wanawake wanne waliuawa kwa kuchomwa moto. Sisemi kwamba walikuwa na demensia, hakuna aliyewapima. Ninachosema ni kwamba dalili za demensia, kutangatanga, kubisha mlango usio wake, kumtuhumu jirani kwamba amemwibia kitu alichokificha mwenyewe, zinafanana mno na zile ambazo mtaa hutafuta unapomtaka mchawi. Mama mdogo analijua hilo bila kusoma popote. Ndiyo maana mlango wa bibi hufungwa kwa kitasa cha juu ikifika saa moja jioni, na ndiyo maana bibi akianza kupiga kelele usiku, yeye huanza kuimba pambio kwa sauti kubwa. Majirani hudhani ni sala.

Mama mdogo alikuwa na mgahawa Arusha. Mdogo, meza nne, lakini wake. Aliufunga miaka mitatu iliyopita pale bibi alipoanza kuvaa vizuri na kushuka Kwasadala na kikapu siku ambazo si za soko. Hakikuitwa kikao. Hakuna aliyemwamuru. Ilionekana tu kwamba yeye ndiye anayeweza, kwa sababu ndoa yake ilikuwa imevunjika na wajomba wana kazi. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hutoa asilimia 70 ya saa zote za kuwatunza wenye demensia, na kwamba mtunzaji wa nyumbani, kwa wastani, hutumia saa tano kwa siku. Nilimsomea mama mdogo hiyo ya saa tano. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la khanga. "Hizo ni za asubuhi," akasema.

Wajomba si watu wabaya, niseme hilo. Kila mwisho wa mwezi hutuma pesa kwa simu, na ya kutolea huiweka. Bila pesa hizo hakuna maziwa wala sabuni, na bibi anahitaji sabuni nyingi kuliko mtoto mchanga. Lakini kuna hesabu ambayo simu haiitumi. Kwa mila ya Kichaga kihamba, yaani shamba la ukoo, na nyumba ya wazazi huenda kwa mtoto wa kiume, hasa wa mwisho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Mila inasema vingine, na katika vikao vya ukoo si sheria inayofungua mazungumzo. Kwa hiyo mwanamke wa miaka 52 anamwogesha mama yake, anamlisha, anamgeuza usiku, katika nyumba ambayo siku bibi akifa atakuwa mgeni ndani yake. Nilimuuliza atakwenda wapi. Akaniambia nimsogezee sufuria.

Mwanzoni tulijaribu hospitali. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bure kwa wasiojiweza wenye miaka 60 na kuendelea, na dirisha la wazee kweli lipo, na bango la kuwataka watu wampishe mzee kwanza lipo. Tulipishwa. Daktari kijana mwenye adabu akamwamkia bibi, bibi akaitikia marahaba, akamuuliza za nyumbani na kumwombea mke mwema. Daktari akafurahi. Akampima presha, ikawa juu sana. Tulitoka na dawa za presha na neno moja: uzee. Simlaumu, foleni ilikuwa imefika mlangoni, na presha ile nayo ilistahili dawa. Lakini hakuna aliyemuuliza daraja ni nini. Hakuna aliyepima damu kuona kama ana upungufu wa vitamini B12 au hitilafu ya tezi ya shingo, vitu viwili vinavyoweza kuuchezea ubongo na ambavyo vina tiba.

Kwingineko habari ni za dawa mpya. Lecanemab, ambayo husafisha amiloidi ubongoni, iliidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023 kwa bei ya dola 26,500 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni 60 zetu. Haiponyi, inachelewesha kidogo, na inataka picha za ubongo za mara kwa mara. Katika jaribio lake kubwa, lililokuwa na watu karibu 1,800, nafuu ya jumla ilikuwa asilimia 27. Walipotenganisha wanaume na wanawake, nafuu ya wanawake ilionekana kuwa ndogo kuliko ya wanaume. Wanasayansi wanatahadharisha kwamba jaribio halikupangwa kujibu swali hilo la jinsia. Sawa. Lakini kwa ugonjwa ambao wagonjwa wake wengi ni wanawake, hilo lilipaswa kuwa swali la kwanza kupangwa.

Kilichofanya kazi Hai hakikuwa na mashine. Watafiti walewale waliwakusanya wazee wenye demensia isiyo kali katika vikundi vidogo, mikutano 14, wakawaongoza kuimba, kuzungumzia vyakula vya zamani, kushika vitu na kuvitaja. Njia hiyo ilitoka Uingereza, lakini iligeuzwa ivae nguo za kwetu na isihitaji kusoma. Akili za washiriki zilipata nafuu, wasiwasi ukapungua. Mama mdogo aliponisikia nikieleza, aliuliza swali moja tu: hao wazee wakiwa kwenye kikundi, waliowaleta walikuwa wanapumzika?

Jumapili ile, mtori ukiwa unachemka, nilifanya jambo ambalo sikuwa na ruhusa nalo. Mimi si mpimaji, nilikuwa na udadisi wa mwandishi tu. Nilimuuliza bibi leo ni siku gani. Akasema ni siku ya soko. Nikamuuliza mwenyekiti wa kijiji ni nani, akataja mtu aliyezikwa zamani. Nikamuuliza: "Bibi, daraja ni nini?"

Akanitazama kwa mashaka. "Wewe umetoka Moshi, umepita Kikafu kuja hapa, halafu unaniuliza mimi daraja?"

Nikamwomba mama mdogo kiberiti. Akasita. Tangu usiku ule bibi alipowasha moto chini ya kitanda apike uji wa mtoto, kiberiti hulala kwenye fundo la khanga yake, hata akienda kuoga huenda nacho. Alilifungua fundo polepole, akanihesabia njiti chache kiganjani kama anayenikopesha. Nikapanga umbo mezani, nikamwekea bibi zake.

Hakulitazama umbo langu. Alizikusanya zake, akachukua na zangu, akazilinganisha vichwa kwa kuzigongagonga mezani. Akachomoa uzi kwenye pindo la kitenge chake, akazifunga katikati, mafundo mawili, likawa tita dogo la kuni lisilolegea popote. Kisha akamgeukia mama mdogo na kumkabidhi kwa mikono miwili.

"Peleka jikoni, mama," akamwambia. "Mvua inakuja."